Damu ya Rangi, Damu ya Kweli: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara Kuhusu Ukatili na Wanyama Waliouawa Katika Filamu za Zamani za Hollywood

Picha ya zamani ikiisha, maswali huwa yale yale. Yule farasi aliyebiringika, aliinuka? Zile risasi zilikuwa za moto? Yule tembo alikufa au alilazwa tu? Nimeyajibu kwa mdomo kwa muda mrefu, na sasa nimeona heri niyaandike. Mwigizaji anayepigwa risasi kwenye picha ameijua hadithi, ametia saini mkataba, na jioni atanawa uso arudi kwake. Mnyama hajui kama kuna picha. Anayepima vifo hivi viwili kwa mizani moja atapotea njia, na ndiyo maana majibu ya hapa chini yanarudi hapo kila mara.

Damu tunayoiona ilikuwa ya kweli?

Ya watu, hapana. Katika picha zisizo na rangi, kitu chochote cheusi na kizito kilitosha kuwa damu. Katika Psycho ya mwaka 1960, Alfred Hitchcock alitumia sharubati ya chokoleti. Kabla ya hapo damu yenyewe ilikuwa adimu. Waliokulia kwenye picha za kauboi wanakumbuka: adui anapigwa risasi, anajishika tumbo, anakunja uso, anaanguka; shati halina tundu wala tone.

Mambo yaligeuka mwaka 1967 kwa Bonnie and Clyde ya Arthur Penn. Katika dakika za mwisho, Warren Beatty na Faye Dunaway walivalishwa vifuko vya damu bandia vyenye baruti ndogo chini ya nguo, vikalipuliwa kimoja baada ya kingine, huku kamera nne zikipiga kwa kasi tofauti ili kifo kionekane kikienda polepole. Miaka miwili baadaye Sam Peckinpah akaja na The Wild Bunch na kuuzidisha mtindo huo. Vita ya Vietnam ilikuwa inaingia majumbani mwa Wamarekani kila jioni kupitia televisheni, na risasi isiyotoa damu ilishaanza kuonekana uongo.

Na risasi je?

Hapa ndipo watu hushtuka. Mwanzoni mwa miaka ya 1930, kabla ya vile vilipuzi vidogo kuzoeleka, studio ziliajiri walenga shabaha waliofyatua risasi za moto. Katika The Public Enemy ya 1931, James Cagney anajibanza nyuma ya kona ya jengo, na bunduki ya rashasha inauchimba ukuta pale pale alipokuwa amesimama. Zile ni risasi za moto. Cagney alisimulia baadaye kwamba katika Angels with Dirty Faces ya 1938 alikataa kusimama mahali alipopangiwa, na risasi ikapita hapo hapo ambapo kichwa chake kingekuwa.

Kwa hiyo hata kwa binadamu, mpaka kati ya kuigiza na kufa ulikuwa mwembamba. Lakini Cagney alikuwa na mdomo wa kukataa.

Farasi wanaoanguka vitani, walikuwa wanaumia kweli?

Ndiyo, na wengi hawakuinuka. Hili ndilo swali ninaloulizwa kuliko yote, kwa hiyo nitaeleza jinsi lilivyofanyika.

Ufundi uliotumika zaidi uliitwa Running W, kwa umbo la waya unavyopita. Farasi alifungwa pingu za ngozi kwenye miguu ya mbele, juu kidogo ya kwato. Waya mwembamba ulitoka kwenye pingu hizo, ukapita kwenye pete iliyoshonwa kwenye ukanda wa tandiko chini ya tumbo, kisha ukaunganishwa na waya mrefu uliofungwa kwenye gogo lililozikwa ardhini, mbali na kamera. Mpandaji alimchochea farasi akimbie mbio zake zote. Waya ulipofika mwisho wake, miguu ya mbele ilinyakuliwa ghafla, na mnyama wa kilo mia kadhaa akapinduka kwa kichwa. Mpandaji alijua ni wapi ataanguka, akajirusha pembeni. Farasi hakujua. Alivunjika mguu, bega au shingo, na aliyevunjika mguu alimaliziwa kwa risasi palepale. Hata aliyeinuka salama mara nyingi hakufaa tena kukimbizwa, kwa sababu alishajifunza kuogopa kila hatua.

Mitego mingine ilikuwepo: mashimo yaliyofunikwa majani, na majukwaa ya mbao yenye utelezi ya kumwagia farasi majini.

Yakima Canutt, fundi mkubwa wa matukio ya farasi wa enzi zile, alidai kwamba aliufanya mtego wa waya mara kama 300 bila kumlemaza farasi hata mmoja. Sina sababu ya kumbishia, maana alikuwa makini na alifanya kwa farasi mmoja mmoja. Lakini mtego huohuo ulipotegwa kwa farasi wengi kwa wakati mmoja, wakikimbia kwa msongamano, umakini wa mtu mmoja haukusaidia kitu.

Picha ipi iliua wengi zaidi?

Mbili hutajwa kila mara. Ya kwanza ni Ben-Hur ya 1925, ile isiyo na sauti. Mashindano yake ya magari ya farasi yalianza kupigwa Italia, ambako ajali zilikuwa mbaya, kisha yakarudiwa Culver City, California, kwenye uwanja uliojengwa kwa kazi hiyo na kuzungukwa na kamera 42. Hesabu ya farasi waliokufa kwa utengenezaji mzima, kwa simulizi za walioshiriki, hufika 100 na kupita.

Ya pili ni The Charge of the Light Brigade ya 1936, iliyoongozwa na Michael Curtiz, Errol Flynn akiwa stelingi. Kwa shambulio la mwisho la wapanda farasi, uwanja ulitegwa nyaya. Hesabu inayotajwa zaidi ni farasi 125 walioangushwa, na 25 kati yao wakafa au kupigwa risasi baada ya kuvunjika. Flynn alikuwa mpanda farasi na mtu wa kupenda farasi. Alimjia juu Curtiz na kupeleka malalamiko kwa chama cha kuzuia ukatili kwa wanyama. Fikiria mwigizaji aliyefungwa na mkataba wa studio, miaka ile, kumshtaki mwongozaji wake mwenyewe!

Aliyesimamia mashindano ya 1925 na aliyesimamia shambulio la 1936 ni mtu mmoja, B. Reeves Eason. Hilo si la kupita haraka. Miaka 11 ilikuwa imepita, idadi ya mwanzo ilikuwa inajulikana mjini kote, na bado alikuwa ndiye wa kuitwa, kwa sababu matukio yake yalijaza majumba ya sinema.

Ben-Hur ya Charlton Heston nayo iliua?

Hapana, na watu huichanganya sana na ile ya kwanza. Ya 1959 ilipigwa Roma, kwenye studio za Cinecittà, chini ya mwongozaji William Wyler, na mashindano yaliachiwa Yakima Canutt. Walinunuliwa farasi 78 na kufunzwa miezi kabla kamera haijawashwa. Uvumi kwamba kuna mtu alikufa kwenye uwanja ule, na kwamba kifo chake kimo ndani ya picha, ni uvumi tu. Joe Canutt, mtoto wa Yakima, alirushwa juu ya gari lake na kupasuka kidevu. Ukiangalia kwa makini utamwona akirushwa. Walikiacha kipande hicho.

Naipenda mifano hii miwili ikae pamoja. Hadithi ni ileile, mashindano ni yaleyale, na ya pili inasisimua kuliko ya kwanza bila mizoga. Anayesema enzi zile hapakuwa na njia nyingine ajibiwe kwa picha hiyo.

Kwa nini mwaka 1939 hutajwa kama mwanzo wa mabadiliko?

Kwa ajili ya farasi mmoja. Katika Jesse James ya mwongozaji Henry King, iliyopigwa Missouri, majambazi wanaofukuzwa wanaruka na farasi kutoka juu ya jabali hadi majini, urefu wa mita 20 na zaidi. Mpandaji alitoka hai. Farasi alikufa. Tukio liko kwenye picha mpaka leo, na ukilitazama utaona mwili unavyogeuka hewani.

Waliolalamika safari hii walikuwa watazamaji wa kawaida, na malalamiko yalikuwa mengi. Mwaka 1940 shirika la American Humane Association lilifungua ofisi Hollywood, na kwa makubaliano na ofisi ya udhibiti ya studio likapewa ruhusa ya kusoma miswada na kuwapo wakati wa kupiga picha zenye wanyama. Mtego wa waya ukapigwa marufuku. Baada ya hapo ndipo farasi wa kufundishwa kuanguka walipothaminiwa: mpandaji anavuta hatamu kichwa kigeuke upande, farasi analala kwa ubavu kwenye ardhi iliyochimbwa na kulainishwa kwa mchanga. Farasi wa namna hiyo alilindwa kama mboni ya jicho, kwa sababu kumfundisha kulichukua muda mrefu.

Lakini si kulikuwa na kanuni kali ya udhibiti tangu 1930?

Ilikuwepo. Kanuni ya Hays iliandikwa 1930 na kuanza kusimamiwa kwa ukali 1934 chini ya Joseph Breen. Ilikuwa na fungu la mambo ya kuchukiza yanayotakiwa kushughulikiwa kwa uangalifu: kunyonga watu, mateso ya polisi, kuchoma chapa watu au wanyama, upasuaji, na ukatili unaoonekana kwa watoto au wanyama.

Lisome tena neno hilo, "unaoonekana". Kanuni ililinda macho ya mtazamaji. Mtu akimpiga mbwa mateke mbele ya kamera, Breen angekata. Farasi 25 wakifa ili shambulio la vita lipendeze, hakukuwa na cha kukata, kwa sababu kwenye pazia ilionekana vita, na vitani farasi huanguka. The Charge of the Light Brigade ilitengenezwa chini ya kanuni hiyo ikiwa na nguvu zake zote. Ndiyo maana siwaelewi wanaosema udhibiti wa zamani ulikuwa na utu kuliko wa leo. Ulikuwa na haya, na haya si utu.

Huku kwetu Afrika Mashariki tunaingiaje?

Tunaingia mapema kuliko wengi wanavyodhani. Mwaka 1909, Theodore Roosevelt alipotoka urais wa Marekani na kushuka Mombasa kuanza safari yake ya kuwinda, mtayarishaji William Selig wa Chicago alitaka picha za safari hiyo. Alipokosa nafasi, aliitengeneza Afrika ndani ya studio Chicago: mtu aliyefanana na Roosevelt, Wamarekani weusi waliovalishwa kama wapagazi, na simba mzee aliyenunuliwa. Simba huyo alipigwa risasi mbele ya kamera akafa. Habari zilipofika kwamba Roosevelt ameua simba, picha ikatolewa, na watu wakajaa kuitazama wakidhani ndiyo yenyewe. Kampuni ya Selig baadaye ilikuwa miongoni mwa za kwanza kujenga studio Los Angeles, pamoja na bustani yake ya wanyama. Kwa hiyo mnyama kuuawa kwa ajili ya picha kulitangulia hata studio za Hollywood kujengwa, na kulifanywa kwa jina la nchi yetu.

Kisha ikaja Trader Horn ya MGM, iliyotolewa 1931. Mwongozaji W. S. Van Dyke alileta kikosi kizima mwaka 1929, wakazunguka Kenya, Tanganyika, Uganda hadi maporomoko ya Murchison, na Kongo. Edwina Booth, mwigizaji mkuu wa kike, alirudi kwao na maradhi yaliyomtesa kwa miaka, akaishtaki studio. Masimulizi ya safari hiyo yanataja pia wafanyakazi wawili Waafrika waliokufa: mmoja alianguka mtoni akaliwa na mamba, mwingine alishambuliwa na kifaru, na inaelezwa kwamba shambulio hilo lilinaswa na kamera na kuingizwa ndani ya picha. Jina la Edwina Booth linajulikana hadi leo. Hao wawili hutajwa kama "mwenyeji mmoja" na "mwenyeji mwingine". Nikiandika kuhusu wanyama siwezi kuwaruka, kwa sababu waliwekwa kwenye daftari moja na wanyama: gharama za safari.

Sehemu iliyobaki ilipigwa Tecate, Mexico, ng'ambo tu ya mpaka, mahali ambapo sheria za Marekani hazikufika. Huko, kwa taarifa zilizobaki, simba walishindishwa njaa kisha wakaachiwa fisi, nyani na paa. Kwenye pazia ni pori la Afrika. Kwa kweli ni uzio wa Mexico. Mabaki ya picha hizo yalitumiwa tena katika Tarzan the Ape Man ya 1932, ile ambayo tembo wa Kihindi walibandikwa masikio bandia ili wafanane na wa kwetu.

Stahiki ya heshima katika picha ile ni ya Mutia Omoolu, aliyeigiza kama Rencharo, mbeba bunduki wa Horn. Alipelekwa Hollywood kumalizia kazi, na uso wake ndiyo kitu cha kweli kuliko vyote vilivyomo.

Mwaka 1950 MGM ilirudi na King Solomon's Mines, iliyopigwa Kenya, Tanganyika, Uganda na Kongo ya Ubelgiji. Tembo anayeanguka mwanzoni aliuawa kweli. Wenzake wanaonekana wakirudi na kujaribu kumwinua kwa pembe na mikonga. Hakuna mwongozaji aliyewaelekeza kufanya hivyo. Nimewaona watu wazima wakinyamaza kimya kwenye kipande hicho, hata wale wasiojua kilipatikanaje.

Hatari! ya John Wayne nayo iliua wanyama?

Hii kila Mtanzania anaiuliza, na wa Arusha wanaiuliza mara mbili. Hatari! ya Howard Hawks, iliyotoka 1962, ilipigwa Tanganyika kabla tu ya Uhuru, pande za Momella chini ya Mlima Meru. Inahusu watu wanaokamata wanyama kwa ajili ya bustani za wanyama, kwa hiyo lengo halikuwa kuua. Waigizaji wenyewe walikaa kwenye magari yale na kuwafukuza vifaru, twiga na punda milia, wakisaidiwa na mkamataji mzoefu Willy de Beer. Mwigizaji Mjerumani Hardy Krüger aliipenda Momella kiasi cha kununua shamba na kuhamia.

Lakini "hakuuawa" haimaanishi "hakuumia". Njia ile ya gari kumkimbiza mnyama mpaka achoke, kisha kumtia kitanzi kwa mti mrefu, inamchosha misuli kupita kiasi. Mnyama anaweza kuonekana mzima siku hiyo na kufa siku chache baadaye. Ndiyo maana wataalamu wa wanyamapori leo hutumia mshale wa dawa ya usingizi na kupunguza kukimbiza kadiri iwezekanavyo. Ukiwa na babu aliyefanya kazi enzi za mkamato wa kamba, muulize. Atakueleza vizuri kuliko mimi.

Filamu za maisha ya wanyama si ndizo salama?

Si lazima. White Wilderness ya Disney, ya 1958, ilipata tuzo ya Oscar kama filamu ya ukweli. Ndani yake kuna panya wadogo wa nchi za baridi waitwao lemingi wanaojitupa majini kwa makundi, eti wanajiua. Lemingi hawajiui. Watengenezaji waliwanunua kutoka kwa watoto wa Manitoba, wakawasafirisha hadi Alberta, wakawazungusha kwenye meza iliyofunikwa theluji ili waonekane wengi, kisha wakawasukumia mtoni. Uchunguzi wa televisheni ya Canada ulilifichua jambo hilo miaka ya 1980. Uongo ule bado unafundishwa kama methali katika nchi nyingi.

Mbona picha za miaka ya 1970 zinaonekana katili zaidi kwa wanyama?

Kwa sababu ulinzi ulikatika. Kanuni ya Hays ililegezwa 1966 na kuondolewa 1968, Jack Valenti, mkuu wa chama cha studio za Marekani, alipoleta mfumo wa madaraja ya umri. Waandishi wa historia huisherehekea siku hiyo, na kwa uhuru wa kusema wana haki. Lakini ruhusa ya wakaguzi wa wanyama kuingia kwenye upigaji picha ilisimama juu ya kanuni hiyo, ikaanguka nayo.

Matunda yake yakaonekana. The Wild Bunch inafungua kwa watoto wanaotazama nge wakizidiwa na chungu wekundu, kisha wanawachoma moto. Nge na chungu ni wa kweli. Katika Pat Garrett and Billy the Kid ya 1973, Peckinpah tena, kuku wamezikwa mchangani hadi shingoni na wanafumuliwa vichwa kwa risasi. Katika Apocalypse Now ya 1979 nyati wa kufugwa anakatwakatwa kwa mapanga.

Kilele ni Heaven's Gate ya Michael Cimino, 1980, iliyopigwa kwa sehemu kubwa Montana. Wakaguzi walizuiwa kuingia. Majogoo walipiganishwa kweli. Shirika la American Humane lilidai kwamba ng'ombe walitobolewa shingo ili damu yao wapakwe waigizaji, wengine wakapasuliwa matumbo ili utumbo utumike, na farasi wanne walikufa, mmoja akilipuliwa kwa baruti. Picha ilianguka vibaya sokoni na kuiyumbisha kampuni ya United Artists. Mwaka huohuo wa 1980 chama cha waigizaji kiliingiza ukaguzi wa wanyama kwenye mkataba wake na watayarishaji, na mlango ukafunguliwa upya.

Mbona sisi tunachinja kila siku? Kuna tofauti gani?

Ni swali zuri, na ndilo linaloleta ubishi mkubwa barazani. Sisemi kama mtu asiyekula nyama. Nyati wa Apocalypse Now, kwa mfano, alichinjwa na Waifugao wa Ufilipino katika tambiko lao wenyewe, na Francis Ford Coppola akaelekeza kamera huko. Shirika la wanyama liliikataa picha hiyo hata hivyo. Mimi nasita. Nyati yule hakuuawa kwa ajili yetu watazamaji tu, na kumfanya Mwifugao awe mkatili kwa kosa la mwongozaji si haki.

Kuku wa Peckinpah ni jambo lingine, na sisi wa Pwani hatuhitaji shirika la Marekani litufundishe. Imepokewa kwamba Ibn Umar aliwapita vijana waliomfunga kuku wakimlenga kwa mishale, walipomwona, wakatawanyika. Akawaambia kwamba Mtume (S.A.W.) amemlaani anayekifanya kiumbe chenye roho kuwa shabaha. Tumefundishwa kisu kinolewe na mnyama apumzishwe. Anayechinja ana haja naye, na anaifupisha njia. Waya wa farasi unaifanya njia iwe ndefu na ya kutisha, maana kutisha huko ndiko kunakouzwa.

Maneno "hakuna mnyama aliyeumizwa" mwishoni mwa filamu, yaaminike?

Yana maana, ila soma mipaka yake. Yanahusu muda wa kupiga picha. Mnyama akifa njiani au kwenye zizi alikohifadhiwa, maneno hayo yanaweza kubaki palepale. Mwaka 2012 waangalizi wa wanyama wa The Hobbit walisema wanyama 27 walikufa kwenye shamba walikotunzwa. Mwaka huohuo tamthilia ya Luck ya HBO ilisitishwa baada ya farasi watatu kufa. Bado ni afadhali kuwa na mkaguzi kuliko kutokuwa naye.

Niwaoneshe watoto?

Usiamini tu daraja la umri. Picha nyingi za kauboi za zamani hupitishwa kwa watu wote kwa sababu hazina damu, na kumbe ndizo zenye waya. Kaa nao. Mtoto akiuliza kama farasi ameumia, mwambie ukweli.

Basi niache kuzitazama?

Mimi sijaacha. Farasi wa 1936 hafufuki kwa mimi kufumba macho, na mtu aliyeona waya ukifanya kazi hadanganywi tena na neno "ajali". Ninachokataa ni kuchekelea. Na nikionesha watu picha hizi, nasema kabla, si baada, kwa sababu kuna wasiopenda kuona mnyama akifa kweli na wana haki ya kutoka nje kwanza.

Kwa nini nakala yangu ni fupi kuliko ya mwenzangu?

Pengine yako ilitengenezwa kwa soko la Uingereza. Huko kuna sheria ya 1937 inayokataza kuonesha tukio lolote lililopangwa kwa namna iliyomtesa au kumtia hofu mnyama kikatili, na haijali picha ni ya zamani kiasi gani wala ni ya msanii gani. Kwa sheria hiyo kuku wa Peckinpah walikatwa, na majogoo wa Cimino pia. Linganisha dakika zilizoandikwa kwenye kasha; na ukiona farasi anaanza kukimbia kisha ghafla yuko chini bila kuonekana akianguka, hapo ndipo mkasi ulipopita.